Kompyuta Iliyofia Rotebro

Kabla ya yote ifahamike kwamba sikufanya mimi. Nasema hivi mapema kwa sababu nyumbani kwetu Tumba, nje kidogo ya Stockholm, kitu chochote kikiharibika, kikianza kutoa sauti ngeni au kikikutwa mahali ambapo hakikuwekwa, hakuna anayeuliza ni nani. Wanaita jina langu tu, tena lote, Asifiwe binti Callixte, kama karani wa mahakama anavyomwita mshtakiwa.

Wana sababu zao. Mwezi uliotangulia laptopu ya shangazi yangu Médiatrice ilikuwa imeanza kuwika. Kila alipoiwasha iliwika kama jogoo aliyelala na deni la kuamsha kijiji, na siku moja iliwika ndani ya treni ya asubuhi, karibu na Huddinge, katikati ya abiria walionyamaza kama wako kwenye maziko. Mwanamke mmoja aliinua macho kutoka kwenye simu yake. Kwa watu wa Stockholm hizo tayari ni ghasia. Nilihukumiwa kuosha vyombo, nikaitumikia adhabu bila kukata rufaa, maana miaka yangu ya shule ya bweni kule Bukoba ilinifundisha kwamba anayekata rufaa kwa matroni huongezewa vyoo.

Sasa mashine ileile ilikuwa imepata ugonjwa mwingine, na huu haukuwa wa kuchekesha.

Shangazi ni dada yake baba, na anaishi nasi. Anafanya kazi ya kuitwa katika nyumba moja ya wazee huko Märsta, yaani mwisho wa pili wa reli: treni inatoka kwetu kusini, inapita chini ya mji mzima, inaibukia kaskazini, na bado inaendelea. Safari hiyo ndefu ndiyo iliyokuwa darasa lake. Alikuwa akisomea usaidizi wa uuguzi kwa njia ya mtandao, na kwenye treni ndipo pekee ambapo hakuna mtu anayemuuliza chumvi iko wapi. Akifaulu mtihani wa mwisho, angepewa kazi ya kudumu pale pale Märsta. Asipofaulu, angeendelea kulala na simu chini ya mto akingoja kuitwa.

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba kila mtu aje na kompyuta yake, imejaa chaji, kwa kuwa ukumbi hauna soketi za kutosha, na ambaye mashine yake itazimika katikati atasahihishiwa alipofika.

Mashine ya shangazi ilikuwa ikizimika Rotebro, stesheni chache kabla ya Märsta. Anapanda Tumba betri imejaa, anafungua kurasa zake za masomo, anasoma mambo ya vidonda vya kulala kitandani, na treni ikifika Rotebro skrini inakuwa nyeusi. Zamani ilikuwa ikienda Märsta na kurudi, na bado inabaki na nguvu za kutazama mapishi jioni.

"Asifiwe," baba alisema mezani, "umeiwekea nini mashine ya shangazi yako?"

"Sijaiwekea kitu, Baba."

"Hata jogoo ulisema hivyo."

"Kuhusu jogoo nilisema sijui. Ni maneno mawili tofauti."

Shangazi alikuwa anamenya viazi bila kuinua kichwa. "Callixte, mwache mtoto. Labda imezeeka tu, kama mimi."

"Wewe hujawahi kuzimika Rotebro," baba alisema. Baba yangu ni dereva wa lori la mikate na husema mambo kama vile tayari yamepakiwa. "Sikia, Asifiwe. Uwe wewe uliyeiroga au usiwe wewe, wewe ndiye utakayeiagua. Ijumaa mashine iwe imepona. Utafanya?"

"Nitafanya."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Vizuri. Katika nyumba hii neno likishasemwa limesemwa."

Nilianza uchunguzi Jumamosi, baada ya vyombo. Shangazi aliizima mashine kabisa kabla ya kunikabidhi, akaifuta kwa kitambaa, akanipa kwa mikono miwili kama anayempeleka mtoto kliniki. Kisha akaenda sebuleni na simu yake.

Nikaiweka juu ya meza ya jikoni na kuiwasha. Jambo la kwanza nililoliona ni skrini, iliyokuwa na mwanga wote uliowezekana. Ungeweza kuitumia kuongoza ndege kule Arlanda. Nikaupunguza. Halafu nikafungua kivinjari. Hapo nilikuta kurasa ambazo hazikuwahi kufungwa tangu zilipofunguliwa: kupika isombe, yaani kisamvu, kwa njia tano, bei za tiketi za Bujumbura, habari za Bujumbura, bei za tiketi tena, na vidonda vya kulala kitandani mara kadhaa, maana kila alipotaka kurudi kwenye somo alilifungua upya badala ya kulitafuta. Nikafunga zote zisizo na kazi. Kulikuwa pia na vijiprogramu vilivyojishikiza kwenye kivinjari kama kupe: kimoja cha kuahidi punguzo la bei, kimoja cha hali ya hewa ya miji ambayo hatuishi, na kimoja kilichogeuza mshale kuwa ua. Nikaving'oa. Cha ua kiliniuma kidogo, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nimekiweka mimi, na kilikuwa kizuri.

Nikawasha hali ya kuokoa chaji, ili kurasa zisizotazamwa zilale. Nikaitaka mashine itoe taarifa ya betri yake. Ikatoa. Betri ilikuwa imezeeka, lakini uzee wa mtu ambaye bado anapanda ngazi na mfuko wa viazi. Haikuwa maiti.

Kisha nikachomoa chaja na kuanza jaribio. Nilisoma kurasa zilezile za shangazi, nikizipandisha na kuzishusha kama yeye. Mchana ukapita. Nilijifunza jinsi ya kumgeuza mgonjwa ubavu bila kumvuta ngozi. Jua likaenda zake, mchuzi ukapikwa, na mashine ilikuwa bado hai. Nilitangaza ushindi mezani, nikaidai familia iniombe radhi rasmi. Baba alisema tusubiri Jumatatu.

Jumatatu asubuhi shangazi alituma ujumbe. Baba aliusoma jioni kwa sauti ya matangazo ya vifo: "Imekufa. Palepale."

Nililala nikiwaza, na asubuhi nilikuwa na hoja moja. Jikoni mashine inaishi, kwenye treni inakufa. Basi kosa liko kwenye treni au liko kwa abiria. Na treni haina ugomvi na mtu.

Jumatano walimu wetu walikuwa na siku yao ya mikutano, kwa hiyo nikamwambia shangazi nitamsindikiza mpaka Märsta.

"Kufanya nini?"

"Kukaa na mgonjwa."

Hakufurahi, lakini hakupata sababu ya kukataa. Tulipata viti vya kutazamana karibu na dirisha. Alitoa laptopu, akaiweka juu ya mapaja, akaweka simu kando yake iipe intaneti, akavaa miwani. Aliiwasha huku amenigeuzia kifuniko, akashughulika kidogo na kipanya, kisha akatulia na kuanza kusoma. Nikahamia kiti cha pembeni yake, kwa heshima zote, kama monita anayekagua prepu.

Kwenye skrini palikuwa na ukurasa mmoja tu, wa vidonda. Mwanga ulikuwa chini kama nilivyouacha. Hakukuwa na kupe. Hata hivyo, tulipofika Tullinge feni ilianza kuvuma. Flemingsberg niliweka kiganja chini ya mashine. Ilikuwa ya moto kama chapati iliyotoka kikaangoni. Nikagusa simu, nayo ilikuwa ya moto. Ukurasa wa vidonda hauna picha hata moja. Hakuna mtu anayetaka picha za vidonda. Sasa kitu gani kilikuwa kinavutwa kwa nguvu zote hizo?

Treni iliposimama Huddinge shangazi alishusha kipanya pembeni kabisa mwa skrini, akachungulia kitu, akanong'ona, "Amina." Kisha akarudi kwenye vidonda.

Stuvsta, tena: kipanya, kuchungulia, amina.

Shule ya bweni hufundisha kwamba mtu anayekula kitu prepu hakamatwi mara ya kwanza. Unasubiri ameze, kisha unasubiri ang'ate tena. Niliitazama mashine yote kwa utulivu. Juu ya skrini, pale penye jicho la kamera, palikuwa na kipande cha plasta ya kidonda. Nilikuwa nimekiona jikoni na kudhani ni hofu ya wapelelezi. Lakini sasa, kando ya plasta, kitaa kidogo kilikuwa kinawaka. Kamera iliyozibwa ilikuwa kazini.

"Shangazi," nilisema, "kamera inamtazama nani?"

"Kamera gani? Nimeiziba."

"Umeiziba. Hujaizima. Inaitazama plasta."

"Soma mambo yako."

"Sina mambo. Walimu wako mkutanoni."

Alivuta pumzi, akatazama abiria waliokuwa karibu, ambao bila shaka hawakujua Kiswahili na hata wangejua wasingegeuka. Kisha akausogeza ukurasa wa vidonda upande mmoja.

Nyuma yake kulikuwa na dirisha dogo, amelifinya mpaka likawa kama kiberiti. Nikalivuta likue. Ndani yake nilikuta dari. Dari nyingi, kila moja katika kisanduku chake: dari yenye taa ya duara, dari yenye doa la maji, pazia, kona ya kabati, sufuria inayotoa mvuke, na sikio moja, ambalo nililitambua kuwa la Mama Hortense wa Spånga, mkuu wa maombi kanisani kwetu. Kwenye kisanduku cha shangazi kulikuwa na maua ya yungiyungi, na katikati ya maua, giza.

"Hiki ni nini?"

"Mnyororo," alisema polepole. "Mnyororo wa maombi ya Josiane."

Josiane ni mwanakwaya mwenzake, aliyefanyiwa upasuaji.

"Josiane si ametoka hospitali? Nilimwona Tumba sokoni anachagua maembe."

"Ametoka, ndiyo. Mungu ni mwema."

"Sasa mnamwombea nini? Maembe?"

"Asifiwe."

"Nisamehe. Na maua haya?"

"Mama Hortense alisema kila mtu aweke maua nyuma yake, ili vyombo vichafu vya watu visionekane. Na kamera iwe wazi, ndiyo kanuni, mlinzi wa maombi haonekani kwa jina tu. Lakini mimi niko kwenye treni, siwezi kuwaonyesha watu wa treni. Ndiyo nikaweka plasta."

Hapo nikaelewa yote, na kwa muda nilishindwa hata kucheka. Mashine hii ilikuwa inapokea dari zote zile pamoja, kwa mpigo, kupitia simu. Wakati huohuo ilikuwa inaipiga picha plasta, bila kupumzika, na katika kila picha inatafuta gizani kichwa cha shangazi yangu ili ikizungushie maua. Haikipati. Inatafuta tena. Ungempa mtu kazi hiyo angefia Tullinge.

"Na sauti?"

"Nimeifunga. Kwa hiyo haitumii kitu."

"Shangazi, ndiyo hii inayokula betri."

"Jambo la Mungu halili umeme, Asifiwe."

"Jambo la Mungu halili. Maua yanakula."

Alinitazama kwa muda, akijaribu kuona kama nilikuwa jogoo au nilikuwa mtu. Nikamwomba ruhusa ya jaribio dogo. Nikayatoa maua na kuizima kamera. Tulipokuwa tunaingia chini ya mji, feni ilishusha sauti kama mtu aliyeambiwa aketi. Shangazi aliweka mkono chini ya mashine, akauacha pale. Safari hiyo tulipita Rotebro tukiwa na mwanga. Mashine ilifia Rosersberg, karibu kabisa na Märsta.

"Imezidi kidogo," nilisema. "Ukilifunga dirisha lote, itafika mpaka mwisho na kurudi. Lifunge."

"Siwezi."

"Ni hapa tu, kwenye msalaba mwekundu."

"Najua ilipo. Siwezi, kwa sababu sijapokelewa."

Alinieleza tukiwa tunatembea kutoka stesheni. Mnyororo huenda kwa zamu. Walinzi wa zamu moja hawatoki mpaka wa zamu inayofuata waingie na kusema, kwa sauti, kila mmoja kwa mwenzake: nimepokea. Ukitoka kabla hujapokelewa, umekata mnyororo. Na kuna jambo moja zaidi: mlinzi hamwombi mtu ampokee. Kuomba kupokelewa ni kusema umechoka, na nani atachoka mbele ya mgonjwa? Anayekupokea huja mwenyewe. Aliyepaswa kumpokea shangazi ni Elvire, na siku ya zamu yao ndiyo siku Josiane aliporuhusiwa kwenda nyumbani. Elvire hakutokea. Tangu siku hiyo shangazi alikuwa lindoni: nyumbani na kwenye treni kwa laptopu, ikizimika kwa simu, na kazini kwa simu hiyohiyo iliyochomekwa chaja ndani ya kabati lake, ikiomba peke yake kati ya viatu. Hata ile Jumamosi aliponiachia mashine, alikuwa ameuhamishia mnyororo sebuleni.

"Na Ijumaa? Simu zinakusanywa mlangoni."

"Nitaliacha dirisha palepale pembeni."

"Shangazi, mwalimu akikuta watu wamejaa ndani ya mtihani wako atasema wanakunong'oneza majibu. Na hata asipokuta, mashine itakufa kabla yako."

Alisimama. Ni wazi hakuwa amelifikiria la mwalimu. Alitazama upande wa nyumba ya wazee, ambako msimamizi wake alikuwa ameshamwonyesha ndoano ambayo angetundika koti lake akiwa wa kudumu.

"Nitaomba," alisema.

"Mwombe Elvire."

"Nimesema mlinzi hamwombi mtu."

Ndiyo maana Ijumaa mchana niliketi mbele ya kompyuta ya mezani ya baba, ambayo haijui betri ni nini. Imechomekwa ukutani tangu ilipoingia nyumbani. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa blauzi iliyopigwa pasi, laptopu yake iko mezani na bado inavuma. Kanuni hazikusema ni nani haruhusiwi kupokea. Zilisema tu awe ni mtu, aingie mwenyewe, aseme mwenyewe. Hakuniomba. Nilijipeleka.

Nisiwe mnafiki: mpango wangu ulikuwa kusema neno lile, kusubiri shangazi ateremke ngazi, kisha kubonyeza msalaba mwekundu na kwenda kula.

"Asifiwe," alisema kabla sijafungua kipaza sauti, "ukisema, umesema. Kama ni mzaha, niambie sasa. Nitakwenda na dirisha langu, na mtihani uishie utakapoishia."

Alimaanisha. Nilimwona usoni. Angeuacha mtihani ufe kuliko kuuacha mnyororo mikononi mwa jogoo. Mpango wa chakula nikauweka kando.

Nikafungua sauti. "Nimempokea Shangazi Médiatrice," nilisema.

Akafunga dirisha lake. Feni ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilisikia friji ya jikoni kwetu ikiguruma. Akachukua mkoba, akanigusa bega, akaenda.

Halafu sikio la Mama Hortense likageuka, likawa jicho.

"Njo nani huyo amepokea?"

"Bwana asifiwe, Mama. Ni mimi Asifiwe, wa kwa Callixte, Tumba."

"Ule wa jogoo?"

"Ndiye huyo, Mama."

Kisha kutoka kwenye dari yenye taa ya duara ikatoka sauti ya mwanamume, Mzee Onesphore, mpiga gitaa wa kanisani.

"Mutoto, ile kupokea yako, unapokea mutu moja tu?"

"Kwani wewe hujapokelewa, Mzee?"

"Tangu siku Josiane alitoka hospitali. Bibi yangu anasema nimeoa simu."

"Mbona hukusema?"

"Mulinzi hasemi."

"Hata mimi," ilisema sufuria.

"Na mimi," lilisema pazia.

Ilibainika kwamba zamu nzima ilikuwa imekwama. Waliotakiwa kuwapokea walisikia kwamba Josiane ameruhusiwa, wakaona kazi imekwisha, wakaenda kupika. Waliokuwa ndani hawakupokelewa, wakabaki, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake aliyesahauliwa na kwamba wengine wamebaki kwa moto wa Roho. Kote Stockholm simu zilikuwa zinaungua, na watu wananunua chaja mpya wakilaani maduka.

"Na yule wa kona ya kabati ni nani?" niliuliza.

"Ni mimi Josiane," ilisema kona ya kabati kwa aibu. "Niliingia tu kusema asante. Nikakuta muko mu maombi. Ningetoka wa kwanza namna gani?"

Mama Hortense alikuwa amekaribia kamera mpaka paji la uso likajaza kisanduku. "Mais mimi," alisema, "niliona hakuna mutu anatoka. Nikasema, Roho iko inafanya kazi. Mimi niko nani nifunge?"

Hapo dari ya Mzee Onesphore ikaanza kutikisika. Halafu sufuria. Nilisubiri wamalize kucheka, nikakohoa kama matroni, nikaanza. Nimempokea Mzee Onesphore. Nimempokea sufuria, ambaye aliitwa Mama Valéry. Nimempokea Josiane. Kila niliyempokea alisema amina na kisanduku chake kikazimika, na kila kilipozimika nilihisi kuna betri mahali fulani imeshusha pumzi.

Tulibaki wawili.

"Mama, nikupokee?"

"Ngoja kwanza. Mnyororo hauwezi kufungwa mpaka Josiane atoe ushuhuda kanisani, ile Jumapili. Wewe utabaki?"

"Nimesema."

"Na shangazi yako amekwenda wapi?"

"Yuko kwenye mtihani, Mama. Wa uuguzi. Akifaulu wanampa kazi ya kudumu."

"Médiatrice iko na mtihani, na hakutuambia," alisema. "Voilà, huyo njo mulinzi." Kisha akafunga macho, akaanza kumwombea kwa sauti. Aliomba kwa ajili ya akili yake, mkono wake, macho yake, na alipofika kwenye betri niliyokuwa nimemtajia katikati ya maelezo, aliiombea betri kama anayemwombea mjane. Sikucheka. Niseme, nilicheka mara moja, nikiwa nimezima sauti, halafu nikaiwasha tena na kusema amina mahali panapotakiwa. Hakutoka. Alikaa pale, akanyamaza, akaendelea, akaenda kuzima jiko, akarudi.

Ujumbe wa shangazi ulipoingia niliusoma kwa sauti: "Nimejibu yote. Mashine bado iko hai, imebaki nusu."

"Bwana asifiwe," alisema Mama Hortense.

"Milele. Nimekupokea, Mama."

Akazimika. Sasa kwenye skrini nilikuwa mimi tu, na nyuma yangu jokofu letu, bila maua. Jumapili ilikuwa mbali, nami nilikuwa na njaa. Niliwaza kwa uzito unaostahili. Mlinzi hamwombi mtu ampokee; hilo lilikuwa wazi. Lakini hakuna kanuni inayomkataza mlinzi kumwandikia baba yake kuhusu mkate.

Nikamwandikia: "Baba, shangazi amemaliza salama, mashine imepona. Tuletee mkate wa shayiri. Ukipata ujumbe huu nipigie simu useme umepokea, nisije nikahangaika."

Simu ikalia mara moja. Alikuwa ameegesha lori. Nikaiweka mbele ya kipaza sauti cha kompyuta, ili aingie na kusema mwenyewe.

"Nimepokea," alisema baba.

Nikaandika jina lake kwenye kisanduku badala ya langu, nikaenda kula.

Jioni shangazi alirudi na laptopu mkobani na uso wa mtu aliyetua mzigo. Matokeo yalikuja baadaye, na siku hizi koti lake liko kwenye ndoano ile Märsta. Lakini jioni hiyo tulikuwa tunangoja tu, yeye akimenya chungwa, wakati baba alipoketi mbele ya kompyuta yake atazame mpira na kukuta jina lake peke yake kwenye chumba cha maombi.

"Asifiwe. Hii ni nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, na nikamkumbusha alichosema kwenye simu. Alimtazama dada yake apate msaada.

Shangazi alitenga kipande cha chungwa, akakiondoa mbegu. "Si wewe uliyesema, Callixte? Katika nyumba hii neno likishasemwa limesemwa."

"Mpaka lini?"

"Jumapili. Josiane akitoa ushuhuda."

Baba alitazama skrini, akatazama mlango, akatazama skrini tena. Kisha akafunga kifungo cha juu cha shati, kwa sababu kamera ilikuwa wazi.